Aliyeitika Katikati Yetu

Kwetu kwenye kiwanda cha kufulia hatuangaliani, tunaitana. Anayetaka kucheka acheke, kisha aingie chumba cha mvuke siku mashine zote zinanguruma na shuka za hospitali zinachemka, ndipo atajua kwamba mle ndani jicho ni pambo tu. Huoni hata mkono wako. Kwa hiyo kabla hujafunga mlango wa kikaushio, kabla hujashusha ile pasi kubwa ya kubana, unapaza sauti: "Upo?" Mwenzako, popote alipo, anaitika: "Nipo." Ukishasikia hivyo unaendelea na kazi yako. Hugeuki wala huchungulii. Anayechungulia tunamwita mgeni, na mgeni hafurahii jina hilo.

Mama yangu alifanya kazi pale mpaka mgongo ulipomgomea. Mimi nikarithi pasi yake, kaka yangu akawa fundi wa boila, na kaka huyohuyo akaja kumwoa msichana niliyekuwa nakunja naye shuka. Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnanyoosha, halafu mnasogeleana mpaka mikono inakutana na mmoja anampa mwenzake pembe zote. Tulifanya hivyo siku nzima, tukisengenya watu bila kupoteza pembe hata moja. Alipokuwa wifi yangu niliona nimepata dada bila jasho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lililonipandisha mlimani ni moja tu.

Kila mwaka, joto linapovunjika na majani ya kwanza yanapoanza kuwa mekundu, kiwanda hufungwa siku moja ili boila ipoe kabla ya kusafishwa. Siku hiyo sisi tunapanda vilele vitatu vilivyo nyuma ya mji, tunavipita kimoja baada ya kingine na kushuka upande wa pili kabla ya jioni. Anayetuongoza ni msimamizi wetu, ambaye tunamwita Firimbi kwa sababu anapiga firimbi kazini, nyumbani na pengine usingizini. Njia ni nyembamba, kwa hiyo tunakwenda mmoja mmoja, na utaratibu ni uleule wa chumba cha mvuke. Kila mtu anamwita aliye nyuma yake. Mradi kila mmoja ameitikiwa, msafara mzima upo.

Mwaka jana kaka alitembea wa mwisho na mbele yake alikuwa mkewe. Ukungu ulishuka tulipoondoka kilele cha kwanza, ukatufunika mpaka cha tatu. Tulipofika kwenye kibanda cha mapumziko tukaanza kugawana chai, kaka hakutokea. Tulimtafuta mpaka giza likatufukuza. Kesho yake walimkuta chini ya ukingo wa kilele cha kwanza, kule tulikopita asubuhi, na daktari akasema alikufa palepale alipoangukia, hakukaa hata kidogo.

Wifi alisema alikuwa akimwita njia nzima. Alisema kaka aliitika kila mara, mpaka kilele cha tatu.

Nani angeamini? Maiti iko chini ya kilele cha kwanza tangu asubuhi, halafu iitike kwenye cha tatu mchana? Mimi nilimwambia mbele ya waombolezaji kwamba yeye ni mwongo, kwamba hakumwita mume wake hata mara moja, alikuwa anaota ndoto zake huku mtu anakufa nyuma ya kisogo chake. Njia ya mwongo ni fupi, nikamwambia. Alilia, akarudia maneno yaleyale, nami nikazidi kuwaka. Nilisema ama atoke yeye katika nyumba yetu ama nitoke mimi. Nilidhani Mama atamtetea hata kidogo, maana alimpenda, lakini Mama alinyamaza. Wifi akafunga nguo zake akahamia kwa shangazi yake. Mama naye akahamia chumba cha nyuma, kile walichokuwa wanaishi kaka na mkewe, akawa analala huko na kula huko. Usiku nilimsikia kupitia ukutani akinong'ona, nikajua anasali.

Mwaka mzima wifi na mimi tulifanya kazi chumba kimoja bila kusemezana. Nilikunja shuka na mwanamke mwingine, mwenye mikono mifupi, na kila shuka ilitoka imepinda.

Mwaka huu Firimbi alipotangaza kwamba tutapanda tena, wengine walishika vichwa. Yeye akasema tusipopanda sasa hatutapanda tena maishani. Nami nikasema nitapanda kwa sharti moja: wifi atembee wa mwisho, pale alipotembea kaka, na mbele yake niwe mimi. Nilitaka aonje. Nilitaka ukungu ushuke, ajue kuwa nyuma ya msafara kunakuwaje pale mtu wa mbele yako akiamua kukusahau, na nilitaka, Mungu anisamehe, aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Firimbi alianza kupinga. Wifi alikuwa pale mlangoni na kikapu cha foronya.

"Nitatembea nyuma," akasema, akaendelea na kazi.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jua lilikuwa jepesi, majani yalikuwa yameanza kudondoka njiani na yalilia chini ya viatu. Mbele yangu alitembea mshona vifungo, mama mmoja mnene mwenye moyo mwema, ambaye hulalamika anapopanda na hulalamika zaidi anaposhuka. Nyuma yangu wifi alikuwa anakohoa. Alikuwa na mafua ya wiki nzima, kikohozi kikavu kama mtu anayekwaruza sufuria, na kila alipoitika "Nipo" alianza kwanza kukohoa. Niliona anafanya makusudi ili aonewe huruma. Sikumwonea.

Kwenye kilele cha kwanza wote walisimama karibu na ule ukingo. Mshona vifungo alilia. Wifi alichukua jiwe dogo, akalifuta vumbi kwa mtandio wake, akaliweka chini taratibu, akabaki ameinama. Nilipoona mabega yake yanatetemeka kifua changu kilibana, na kwa kuwa sikutaka kibane nilimpa kisogo, nikafuata wenzangu.

Ukungu ulishuka hapohapo, mweupe na mzito, kama mlango wa kikaushio umeachwa wazi. Mshona vifungo alikuwa hatua chache mbele yangu lakini nikawa naona tu fundo la kitambaa chake cha kichwa, kisha na hilo likaondoka. Sikuogopa. Sisi ndio watu wa mvuke, ukungu utatufanya nini?

"Upo?" mshona vifungo akaniita.

"Nipo," nikaitika, nami nikaita nyuma. "Upo?"

"Nipo."

Tukaendelea. Njia iliteremka kwenye bonde dogo, ikaanza kupanda kilele cha pili. Kila baada ya kona niliita, na kila mara niliitikiwa. Sauti ilikuwa ya wifi, ile ninayoijua tangu tukiwa wasichana, laini na ya chini kidogo. Nikakumbuka kwamba hajakohoa muda mrefu. Nikajisemea hewa ya mlimani kweli ni dawa, imemponya mafua ya wiki nzima.

Tulipokaribia kilele cha pili jibu likaanza kuja upesi. Sijamaliza kuita, tayari "Nipo." Nikaudhika. Niliona ananikejeli, kwamba ananionyesha jinsi anavyoitika haraka ili nisipate pa kumshika. Nikakaza mwendo. Nikanyamaza makusudi kwenye kona iliyofuata, nione atafanya nini.

"Nipo," ikasema nyuma yangu.

Mimi sikuwa nimeita.

Nilisimama. Miaka yote niliyofanya kazi ile sijawahi kugeuka, na shingo yangu ilikataa kwanza, ikabidi niilazimishe. Nyuma yangu palikuwa na ukungu, njia, na majani mekundu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa kimya kabisa, hata kishindo cha kiatu hakikuwapo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijasikia kiatu kikikanyaga jani nyuma yangu tangu kile kilele cha kwanza. Nilisikia sauti tu.

Nilimpigia kelele mshona vifungo asimamishe watu. Firimbi alirudi anahema, nikamweleza kwamba wifi hayupo, na yeye akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimemuuliza wifi moyoni mwaka mzima.

"Si ulikuwa unamwita?"

"Nilikuwa namwita."

"Akaitika?"

Nilimwona anavyonitazama, na niliujua mtazamo huo, maana ulikuwa wangu.

Firimbi alisema hakuna kurudi, tusubiri ukungu upande, mlima ulishachukua mmoja na hatauongezea wawili. Alisema kweli. Lakini kama wifi alikuwa amelala chini ya ukingo ule, basi nilikuwa nimemlaza mimi. Mimi ndiye niliyempanga pale, na niliondoka nimemwacha ameinama. Nikaanza kurudi. Mshona vifungo alinikamata mkoba, nikamwachia mkoba. Nilimsikia Firimbi akitukana, halafu akaniambia kwa sauti ya kukata tamaa kwamba atakaa palepale akipuliza firimbi bila kukoma, na nikisikia chochote kingine nisikifuate.

Nilirudi kwa kupapasa. Nyuma yangu firimbi ililia, ikapumzika, ikalia. Nilipofika kwenye lile bonde niliita, "Wifi, upo?"

"Nipo."

Ilitoka kushoto. Nikapiga hatua kuelekea huko kwa furaha, nikaita tena ikaitika tena, mbali kidogo, chini kidogo. Nikaenda. Halafu ikaitika kwa sauti nyingine.

Kaka yangu alikuwa na tabia ya kuvuta neno lile. Kule kwenye boila alikuwa anasema "Nipooo" mpaka watu wanacheka, na Firimbi alishamwonya mara nyingi kwamba kazini si mahali pa kuimba. Niliisikia hivyohivyo, na mzaha wake ndani yake. Nililia papo hapo. Sikujiuliza chochote, nilitaka tu kumfikia, na mguu wangu uliendelea wenyewe mpaka ukasukuma jiwe. Jiwe likabingirika, likatoka kwenye ukingo. Sikulisikia likitua.

Nilikaa chini kwa makalio, nikashika nyasi kwa mikono yote miwili.

"Nipooo," ikasema mbele yangu, pale ambapo hapakuwa na ardhi.

Na hapo, upande wa kulia, juu kidogo, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kibaya, kikavu, cha kukwaruza sufuria, na katika maisha yangu sijasikia kitu kizuri kama kile. Nilitambaa kukifuata. Sikuita tena. Nyuma yangu sauti ziliitika na kuitika, ya wifi, ya kaka, mara moja hata ya kwangu mwenyewe, nami nilifuata kikohozi tu mpaka mkono wangu ukagusa kiatu, kisha goti, kisha mkono wa mtu, wa baridi, wenye pete ambayo nilikwenda kuichagua mimi na kaka.

Wifi alikuwa amekaa ameegemea mwamba, mtandio ameukunja na kuziba nao mdomo. Alinishika uso wote kwa viganja kama kipofu kabla hajautoa mtandio ule.

"Sijakuitika," akaninong'oneza. "Tangu kilele cha kwanza sijakuitika hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nijue kama utageuka."

Alieleza kwa vipande, akikohoa ndani ya mtandio. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka pale ukingoni anifuate, ukungu ulipofunga. Nilipoita akanyamaza, kwa hasira, mwaka mzima wa hasira, akisubiri nisimame nimtafute. Halafu akasikia nimeitikiwa.

"Ilikuwa sauti yangu, wifi. Na haikuwa nyuma yangu. Ilikuwa mbele yangu, nyuma yako. Iliitika katikati yetu, na wewe ukaenda nayo."

Alikuwa ameita akijaribu kunizuia, lakini kila alipoita alisikia sauti yangu ikimjibu "Nipo" karibu naye, wakati hatua zangu alikuwa anazisikia zinakwenda. Ndipo alipokaa chini akaziba mdomo, asiipe sauti nyingine ya kuchukua. Kikohozi tu ndicho kilichomshinda kuzuia. Niliinamisha kichwa changu mapajani mwake, nikamwomba radhi. Sikuomba vizuri, nilibwabwaja. Aliniwekea mkono kichwani, akasema tutoke kwanza.

Tulitoka tukiwa tumeshikana mikono kama watoto, tukifuata firimbi. Tulikubaliana kwa kubonyezana vidole: mara moja ni nenda, mara mbili ni simama. Karibu na mwisho wa bonde, nyuma yetu kabisa, kaka yangu akaita.

"Upo?"

Mtu aliyefanya kazi chumba cha mvuke tangu ujana haitiki kwa kufikiri. Ukiitwa, mdomo unafunguka wenyewe. Wangu ulikuwa umeshafunguka na pumzi nimeshaivuta pale wifi aliponiziba kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yakanikata mdomo. Alikuwa analia. Nilimwona anavyotamani yeye mwenyewe kuitika. Kaka aliita tena, polepole, kama mtu anayeanza kuwa na wasiwasi, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Tulisimama hivyo mpaka firimbi ikalia tena, kisha tukaenda tukimwacha anaita.

Firimbi alipotuona alitushika mabega mmoja mmoja, akahakikisha nyama na mifupa, wala hakuuliza kitu. Tulishuka kwa njia ya mkato, wote tumeshikana mikono. Mshona vifungo hakulalamika hata mara moja, ndipo nilipojua kwamba na yeye amesikia.

Jioni ile nilimwambia dereva wa gari la kiwanda asimpeleke wifi kwa shangazi yake. Alitushusha wote wawili mbele ya nyumba yetu. Wifi alisimama kizingitini kama mgeni, nikamvuta kwa mkono ambao sikuwa nimeuachia tangu mlimani. Sebuleni taa haikuwa imewashwa. Tulipita mpaka chumba cha nyuma, na mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha.

"Nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

Nilitaka kusema mimi, lakini mdomo ulikataa. Nilimtazama wifi, naye akatikisa kichwa. Nikabisha tena.

"Nani huyo asiyeitika?" Mama akasema, na ufunguo ukazunguka.

Alifungua. Kabla hajasema neno nilichukua mkono wa wifi nikauweka ndani ya wake, jinsi unavyompa mwenzako pembe za shuka. Nikamwambia kwamba nilimwita mkwe wake mwongo na kwamba mwongo nilikuwa mimi, kwa kusema nisilolijua.

"Alimwita, Mama. Alimwita njia nzima, na aliitikiwa."

Nilitegemea atalia, au ataniambia nimechanganyikiwa. Mama aliugeuza tu mkono wa wifi, akautazama kiganja, akaufikicha upate joto. Nyuma yake nikaona kitanda cha kaka kimetandikwa. Koti lake la kazi lilikuwa limelazwa juu, mikono imenyooshwa vizuri, na kando yake palikuwa na kiti kilichoelekea kitandani, kiti cha mtu anayekaa akizungumza na mgonjwa.

"Najua," Mama akasema. "Hata mimi nikimwita humu ndani, huitika."

Akamgeukia wifi.

"Ndiyo maana sikutaka urudi," akamwambia. "Ungeniambia niache."

Wifi hakumwambia aache. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, akimvuta taratibu mpaka Mama akavuka kizingiti. Mama aligeuza kichwa kuelekea kitandani na midomo yake ikaanza kufunguka. Nikauvuta mlango nikaufunga, haraka, kabla hajauliza kama yupo.